Migomba na Matete Ukingoni mwa Ntahangwa

Mwaka ule mama mdogo alikuwa hatoki nje ya ua wake, na habari zote za mtaa zilimfikia kupitia kwangu, niliyekuwa nikiishi naye. Yeye ndiye aliyenifundisha namna ya kuzileta. Nikiingia mbio na kuanza na mwisho, alinirudisha: "Apana. Anzia mwanzo. Nani alisimama wapi, nani alisema nini, kisha ndiyo uniambie vile iliisha."

Hakuwa mgonjwa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa Buyenzi, pale ardhi inapokatika ghafla na kushuka kwenye bonde la mto Ntahangwa, na kila msimu wa mvua mto ulikuwa unakula ukingo. Choo kilikuwa kimeshakwenda. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, alikuja, akautazama ufa uliokuwa nyuma ya jiko, akasema kabla ya mvua kubwa nyumba iwe tupu. Tangu siku hiyo mama mdogo alikataa kwenda hata sokoni. Aliogopa watu wa komini, wale wa serikali ya mji, wangekuta mlango umefungwa na kusema kwamba amekwisha kuhama.

Shida haikuwa nyumba peke yake. Mbali na mimi, alikuwa na watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyemzaa. Mvulana mkubwa alikuwa wa jirani aliyeuawa mwanzoni mwa vita. Wasichana wawili walitoka ng'ambo ya mto. Mama yao aliwavusha siku ya mapigano, akamwomba mama mdogo awashike mpaka jioni, akarudi kumtafuta mume wake. Jioni hiyo haikufika. Sasa mjomba wangu, mwenye chumba kimoja tu, alikuwa tayari kumpokea dada yake na mimi, pamoja na yule mdogo kabisa. Mvulana angepelekwa kwenye kituo cha yatima cha wavulana, na msichana mkubwa kwenye kituo cha wasichana.

"Vita vimeshawaachanisha na watu wao mara moja," mama mdogo alisema. "Mi sitavisaidia mara ya pili."

Ndivyo mambo yalivyokuwa wakati mgombea alipoanza kuja.

Alikuwa mama wa makamo, wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Kiarabu walioishi mjini tangu wakati wa mababu zao. Alikuwa na duka la misumari, kufuli na mabati, akataka kiti katika baraza la komini. Kampeni zenyewe zilikuwa hazijafunguliwa, lakini wakubwa wengine walikuwa wameshaanza kupita na magari ya vipaza sauti, wakitupa tisheti. Yeye alikuja kwa miguu Jumamosi moja baada ya sala ya Alasiri, akaingia katika gereji kubwa ya mtaa wetu, akapanda juu ya injini ya lori iliyokufa. Mafundi walibaki na spana mikononi.

"Mi sina tisheti," alianza.

"Hata kofia, Hadja?" fundi mmoja aliuliza.

"Hata kofia. Jua ni la Mungu, livumilie."

Watu walicheka, wakasogea. Alisema ana mambo mawili tu. La kwanza, nyumba zilizochukua watoto wa vita zisaidiwe, kwa sababu zimefanya kazi ya serikali bila mshahara. La pili, ukingo wa mto upandwe, kwa sababu nyumba hizohizo ndizo ziko karibu na shimo. Akasema kila Jumamosi, saa ileile, atasimama pale aseme kipi kimefanyika na kipi hakikufanyika.

"Wengine wanapotea wakishachaguliwa," alisema. "Mi nataka munizoee kwanza, mukae mukijua nitakuwa wapi."

Kisha akauliza kipandwe nini. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza mkaa alijibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo: "Migomba! Rugo bila mugomba si rugo."

Gereji nzima ilipiga makofi. Kwetu nyumba haijawa nyumba mpaka migomba isimame nyuma yake. Hata mtu wa mjini asiyejua jembe, akipata kipande cha ardhi, kitu cha kwanza atakachochimbia ni mgomba. Mgombea alitazama huku na huku, akakubali. "Haya. Migomba."

Jumamosi iliyofuata, asubuhi ya kazi za jumuiya, mtaa ulijaa ukingoni. Vijana walileta machipukizi ya migomba kwa mikokoteni. Walichimba mashimo makubwa nyuma ya jiko la mama mdogo, wakaimba, na yeye aliwapikia maharagwe. Ilipoisha, tuliona safu ya migomba imesimama kati yetu na shimo, na mama mdogo akaitazama kama mtu anayetazama ukuta wa saruji.

Migomba ilishika upesi. Ilitoa majani mapana, ikanenepa. Kisha ikaja mvua moja ya mchana, ya upepo, wala haikuwa kubwa ya kutisha. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mgomba wa pembeni uliinama polepole, kama mtu anayetaka kuokota kitu, ukaanguka bondeni na donge la udongo kubwa kuliko kitanda. Wa pili ukafuata, na wa tatu. Yale mashimo makubwa yalikuwa yameukata ukingo kama mkate. Mvua ilipokoma, jiko halikuwapo. Ufa mpya ulikuwa umefika chini ya dirisha la chumba walicholala watoto.

Mama mdogo hakulia. Alikunja nguo za watoto na kuziweka katika mafungu matatu. Kisha akayachanganya tena.

"Jumamosi uende," aliniambia. "Nataka kujua kama Hadja atakuja."

Nilikwenda mapema. Gereji ilijaa kuliko siku zote, maana watu walikuja kumtazama atakavyokosa kuja. Sala ya Alasiri ilikwisha, mafundi wakarudi kutoka msikitini, na yeye alikuwa nyuma yao, kwa miguu, viatu vimejaa udongo mwekundu. Alipanda juu ya injini ileile.

"Habari ya watoto: bado sijapata kitu komini. Nilikwenda, wakaniambia nirudi. Habari ya mto: tulipanda migomba, na migomba imeangusha jiko la mama mwenye watoto watatu. Mwenye kosa ni mi."

Sauti ilitoka nyuma: "Mwarabu anajua bei ya musumari! Mugomba ataujulia wapi?"

"Kweli," alijibu. "Na we uliyepiga makofi, Mwarabu pia?"

Kicheko kilizunguka gereji, lakini yeye hakucheka. "Muliupenda mugomba wote, mi pia niliupenda. Lakini mi ndiye nilisema ndiyo, na mi ndiye nataka kura. Basi kosa musiligawane. Niachieni."

Nilikuwa nimeshasikia wagombea wengi kwa umri wangu ule. Nilisikia waliolaumu wazungu, waliolaumu waasi, waliolaumu serikali na waliolaumu mvua. Sikuwa nimesikia hata mmoja anayeomba aachiwe kosa kama mtu anayeomba kiti chake. Mzee wa mkaa alivua kofia yake akaishika tumboni.

Akaendelea kwa utaratibu. Alikuwa ametoka Carama, ng'ambo ya mto, ambako akina mama wanalima kwenye miteremko, na alikwenda kuwauliza wao wanashikaje udongo. Walimcheka. Walimwambia mgomba ni bidoni ya maji iliyosimama kwa mguu mmoja. Wao hupanda matete kwa mistari, karibukaribu, bila shimo kubwa, na mizizi yake hushikana chini kama mkeka.

"Watatuletea mbegu," alisema. "Lakini nitawaomba wasije na mbegu peke yake, na sababu yake ni hii. Mwanamke akizaa kwetu, Muislamu au Mukristo, tunamuhemba. Tunakwenda na vikapu, na chakula, na sabuni, tunamushika mutoto, tunamwambia mama asante. Huyu mama wa ukingoni alipata watoto watatu. Nani alikwenda kumuhemba?"

Hata mimi, niliyekuwa naishi katika nyumba ileile, wazo hilo halikuwahi kunijia.

Nilipomweleza mama mdogo yote, kuanzia mwanzo, alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, "Mi sikuzaa. Watanihemba kwa nini?" Lakini asubuhi ya pili nilimkuta akipiga chokaa ukuta wa mbele.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Msichana mkubwa ndiye aliyewaona kwanza, akaniita kwa sauti ambayo sikuijua. Nilitoka. Juu ya daraja la Ntahangwa kulikuwa na mstari wa wanawake, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kikapu kichwani, na juu ya kila kikapu fungu la matete mabichi lililoyumba kwa mwendo wao. Kwa mbali ilionekana kama shamba limesimama na kuanza kutembea. Wa mbele walikuwa wameshafika upande wetu na wa mwisho bado hawajaonekana.

Daraja lile kwa miaka mingi watu walikuwa wanalivuka upesi, kila mtu peke yake, bila kumtazama mwenzake. Kulikuwa na watu wa mtaa wetu waliokuwa hawajakanyaga ng'ambo tangu vita vianze, na wa ng'ambo waliosema Buyenzi haikaliki. Wanawake wa Carama walipopita katika mitaa ya ng'ambo, wanawake wa kule nao waliuliza mnakwenda wapi, wakajibiwa, tunakwenda kumhemba mama aliyechukua watoto. Wengine waliingia nyumbani, wakachukua kibaba cha mchele au kipande cha sabuni, wakajiunga. Asubuhi hiyo mizinga ilisikika vilimani, na mstari haukukatika.

Mafundi wa gereji walitoka barabarani na kusimama. Fundi yule aliyeuliza habari ya kofia alikuwa na machozi, akajifuta kwa mkono wenye grisi na kujipaka uso mzima.

Mama mdogo alikaa juu ya mkeka mlangoni kama mzazi, kanga mpya mabegani. Waliingia kwa zamu, wakapiga magoti, wakaweka vikapu. "Umepata nini, mama?" wa kwanza aliuliza, kama inavyoulizwa.

"Nimepata watatu," mama mdogo alijibu.

"Hongera! Tuwashike."

Wakawashika kweli. Msichana mdogo alikwenda kutoka paja hili hadi lile. Mvulana, ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito, alikimbilia nyuma ya mlango, wakamvuta.

"Mutoto huyu ni muzito!" bibi mmoja wa Carama alilalamika akiwa amembeba nusu. "Mama, ulimubeba mimba gani, ya lori?"

Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka, uso ameuficha kwenye bega la bibi asiyemjua.

Chakula kilipoliwa, walifunga vitenge viunoni, wakashuka ukingoni. Mafundi walileta matairi chakavu ya malori, wakayapanga kama ngazi na kuyajaza udongo, na wanawake wakachomeka matete ndani na katikati, mstari chini ya mstari. Mgombea alikuwa chini kabisa, karibu na maji, akipokea matairi. Sikumsikia akitaja kura siku hiyo.

Matete yalichipua. Mvua kubwa ilikuja mchana, ikapiga mabati mpaka hatukusikiana. Mama mdogo aliwakalisha watoto karibu na mlango wa mbele, na sisi sote tukautazama ufa chini ya dirisha. Bondeni mto ulipita mwekundu, umebeba milango na miti mizima. Matete yalilala kwa upepo, yakainuka, yakalala tena. Ufa haukusogea.

Shefu wa kartie alikuja siku iliyofuata na buti zake. Alishuka mpaka kwenye matairi, akashika shina la tete kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu zake zote, likamshinda. Alipanda juu akihema.

"Mama, kaa," alisema. "Watoto wakae."

Jumamosi ile nilikuwa najiandaa kwenda gereji nilipomwona mama mdogo amevaa, na watoto watatu wameoga na kupakwa mafuta.

"We bakia uchunge nyumba," aliniambia.

Walipita njiani wakishikana mikono, na majirani wakatoka kumtazama kama mtu aliyerudi safari. Nilikaa mlangoni mpaka waliporudi. Nilimuuliza kabla hajavua viatu: amesemaje? Atashinda?

"Apana," alisema mama mdogo, akaketi vizuri juu ya mkeka, na mtoto mdogo akaketi mapajani mwake. "Tuanzie mwanzo. Alipanda juu ya ile injini. Kumbe ni chafu hivyo, hukuniambia. Akasalimia. Kisha akasema komini bado haijatoa kitu kwa watoto, na atarudi kuwasumbua. Akasema matete ya pembeni, pale choo kilipokuwa, hayajashika, lazima tuyapande upya."

Akatazama upande wa bonde.

"Na ni kweli," akasema. "Hata mi nilikuwa nimeshaona."