Mufereji ya Siku ya Salongo

Leo mutoto wa dada yangu ameniuliza neno, na ninawaletea ninyi munaofanya kazi ku bureau.

Anafanya kazi ku bureau hapa Bukavu. Amechoka mupaka kucheka kumemushinda.

Tulikuwa tunashuka barabara ya mutaa ya Nguba, ninamusindikiza ku kazi, mvua imetoka kunyesha. Nikasimama pembeni ya mufereji ya mawe.

«Tonton, twende, nitachelewa!»

«Ngoja kwanza. Wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaïre nilikuwa ninashinda ku bureau na abacost yangu, ile koti ya serikali, ninapiga cachet, ni kusema muhuri, juu ya makaratasi. Sijui hata moja ilifika wapi. Nilikuwa ninarudia nyumbani, ninageuka tu mu kitanda bila usingizi.

«Jumamosi, siku ya salongo, serikali ilikuwa inatutoa ku bureau sisi wote na machefu, wakubwa wetu, tuende kutengeneza barabara na mifereji kwa lazima. Wenzangu walikuwa wanaitukana ile kazi. Miye, ni ile siku tu nilikuwa ninalala vizuri.

«Ile jiwe kubwa, ni miye niliiweka.»

Maji ya mvua ilikuwa inapita kwa nguvu. Jiwe haikutikisika.

Akaiangalia sana. Kuchelewa akakusahau.

«Na miye, Tonton, siku moja nitaonyesha mutoto wangu nini?»

Ninyi wa bureau, mumujibu. Miye nilimushika tu mukono.