Vidonge vya Mke wa Jirani

Mimi shule niliifikia mlangoni tu, lakini kuona wivu hakuhitaji mwalimu. Nilikuwa nakama ng'ombe wa setla, mzungu mwenye shamba, kule Molo wakati mke wangu na mke wa jirani yangu walipoanza kukohoa damu.

Wote wawili, kifua kikuu. Wangu alipelekwa hospitali Nakuru akalazwa verandani apumue hewa safi, anywe maziwa, angoje. Yule wa jirani alichaguliwa na madaktari waliokuwa wakijaribu vidonge vipya. Yeye akavimeza kwake nyumbani, na motokaa yao ikawa inakuja kumpima.

Miezi ikapita. Mke wa jirani akanenepa, akarudi kuchuma maua ya pareto shambani, tena akiimba. Sauti ile ilinichoma. Nikienda Nakuru, wangu namkuta amebaki macho tu.

Kambini kwetu wafanyakazi wa setla tuliazimana kila kitu: chumvi, kaa la moto, hata dawa ya tumbo. Basi nikaingia kwa jirani bila hodi.

"Nigawieni nusu."

Mkewe akaukumbatia mkebe wa vidonge. "Shemeji, hii si chumvi. Walisema nikipunguza, ugonjwa utarudi na dawa haitauweza tena."

"Na ulivyonona kama ndama wa mzungu!"

"Katukane wenye dawa. Kesho wanakuja."

Kesho yake nikasimama katikati ya barabara mpaka motokaa ikafunga breki. Daktari akashuka amekasirika.

"Vidonge hivi vinaponya?" nikamuuliza.

"Vinaponya. Sasa tuna hakika."

"Na hospitali Nakuru wanajua?"

"Tumewaambia. Bado wanafikiria."

"Wakifikiria, mke wangu afanye nini? Afe polepole?"

Akaniangalia, kisha akafungua mlango. "Panda."

Pale verandani Nakuru, daktari alibishana na mkubwa wa hospitali kwa Kiingereza. Sikuelewa neno, ila nilimwona mkubwa akitikisa kichwa, akitikisa, halafu akaacha. Wiki ile mke wangu akaanza vidonge.

Akapona, ndiyo. Lakini pafu moja lilikuwa limeshaoza akingojea. Leo nina shamba kule Bahati, nina lori, nimejenga kwa mawe. Jirani yangu, tuliyehamia naye, bado yuko kwenye nyumba ya udongo. Lakini nikimwona mkewe akipanda kilima na mzigo wa viazi mgongoni, bila kutua, wangu akiwa ameketi kwenye kona ya kwanza akitafuta pumzi, namwonea jirani wivu.