Hamira ya Korbinian

Tarehe 3 Novemba 2003 Roswitha Haberl aliajiriwa kuwa fundi katika maabara ya hamira mjini Munich, na tangu hapo humfundisha kila mgeni jambo moja kwanza: ukifungua sahani ya kuoteshea, anza na hamira tupu.

Hamira tupu ni ile iliyonyimwa protini ya kukata. Ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, protini walezi huzikunja protini changa zikakaa sawa; zile zilizoharibika hukatwakatwa zisije zikaleta balaa. Bila mkataji huyo, hamira ikilishwa gliserini, chakula kisicholika bila mitokondria nzima, haioti. Ikipewa jeni nzima ya binadamu ya kutengeneza mkataji huyo, huota.

Mwaka huu ilipewa jeni ya Korbinian, mdogo wake Roswitha, fundi wa mapaa kule Rosenheim, ambaye miguu yake inakakamaa hata ametangaza kuuza ngazi zake za kazi. Mwenyewe aliridhia. Ikiota, jeni haina kosa. Tatizo litakuwa kwenye uti wa mgongo, na madaktari watapasua. Isipoota, hakuna cha kupasua, wala dawa.

Jumatano asubuhi upande wa Korbinian ulikuwa umejaa madoa meupe. Roswitha akapiga simu palepale.

"Kori! Imeota!"

"Acha utani, dada."

"Imeota, nakwambia! Nzito kama mtindi."

Korbinian akacheka. "Basi yule mnunuzi wa ngazi zangu namfukuza leo hii. Bia juu yangu. Na hamira ije, si ndiyo iliyonitetea?"

Roswitha alipokata simu ndipo alipoigeuza sahani upande wa pili. Hamira tupu nayo ilikuwa imejaa. Akainusa: harufu ya sukari iliyoungua. Alikuwa amemimina chakula cha sukari badala ya gliserini, kwa mikono yake mwenyewe, na kwenye sukari kila hamira huota, nzima na mbovu.

Akarudia, akangoja siku tano. Safari hii alianza na hamira tupu: hakuna kitu. Yenye jeni nzima: imejaa. Ya Korbinian: hakuna kitu, chakula kinang'aa kama kioo kilichofutwa.

"Nimpigie mimi?" aliuliza Daktari Tröger, mkuu wa maabara.

"Hapana, daktari. Nilimdanganya mimi."

Lakini Korbinian alipopokea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliye juu ya paa. "Dada! Ngazi nimezipaka rangi upya!"

"Nakuja Jumamosi," Roswitha akasema.

"Hamira usiisahau!"

Jumamosi atapanda treni kwenda Rosenheim, kumwambia ndugu yake aziuze ngazi.