Pole Niliyompa Bwana Harusi

Gitaa langu la kwanza lilikuwa debe la mafuta ya kupikia, na nyuzi zake waya wa breki za baiskeli ya baba. Tuliishi Karagwe, Tanzania, nchi ya vilima, kwa hiyo baba aliugundua wizi ule akiwa katikati ya mteremko. Alirudi na majani ya migomba kichwani, akanisikiliza nikipiga, kisha akasema, "Angalau breki zangu zina sauti nzuri."

Tangu hapo sikutulia. Baada ya sekondari nilipiga gitaa Bukoba, Mwanza na Bujumbura, kila mji mpaka nilipochoka nao au wenyeji waliponichoka. Nikaishia Kigali, katika chumba cha uani mtaa wa Biryogo, nyuma ya cherehani za mafundi. Kiongozi wa bendi moja ya harusi, mzee aliyekulia Burundi, alikuwa amepungukiwa mpiga gitaa.

"Petit, mdogo wangu, Jumamosi iko gusaba kule Kinyinya. Ukipiga vizuri, wewe ni wetu. Ukiharibu, basi la Bukoba unalijua."

Gusaba ni siku ukoo wa kijana unapokwenda kuomba mchumba. Mimi niliijua kwa jina tu. Koo mbili zilikaa chini ya mahema zikitazamana, bendi yetu upande wa kijana, na msemaji wa upande wa msichana akasimama, uso mkavu kabisa.

"Wageni, mmekosea nyumba. Msichana tulikuwa naye, ameshakwenda utawani. Kunyweni fanta, mrudi salama."

Hakuna aliyecheka. Sikujua kwamba ni mchezo, kwamba wasemaji hukataliana hivyo hata saa nzima kabla bibi harusi hajatolewa. Nilichoelewa ni kwamba harusi imekufa. Nikachomoa waya, nikafunga gitaa kwenye mfuko wake, na nilipompita bwana harusi nikainama.

"Pole sana, ndugu yangu. Bado u kijana, utapata mwingine."

Akafunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika. Nikadhani analia.

"Mnaona?" msemaji akapaza sauti. "Hata mpiga gitaa wao amekata tamaa!"

Msemaji wa upande wa kijana hakuchelewa. "Nani amekata tamaa? Tunamtuma utawani akampigie msichana mpaka atoke!"

"Basi ampigie hapa hapa tusikie!"

Mahema yote yakacheka. Kiongozi wangu peke yake hakucheka. "Toa hiyo gitaa," akasema huku ameuma meno.

Nililitoa, na kilichokuja vidoleni ni wimbo wa debe la Karagwe. Bibi harusi akachungulia, kisha akatoka kabla hajaitwa, shangazi zake wakimkimbilia nyuma kumrudisha.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, kiongozi wangu akanisogelea. "Mchezo ule nani alikufundisha?"

"Mzee, nilikuwa naondoka kweli."

Akageuka kuona kama kuna aliyesikia. "Usimwambie mtu. Jumamosi ijayo tuko Gitega, hii ya hapa Kigali. Wakikataa tu, unafunga gitaa."

Sijahama Kigali tena. Nimevuka umri wa miaka arobaini nikifunga gitaa kila wikendi na kumpa bwana harusi pole, na watu hulipa zaidi kuona hayo kuliko kusikia muziki wenyewe. Juzi tu bwana harusi mmoja alinishika mkono nilipompa pole, wala hakucheka. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho.

"Kaka," akaninong'oneza, "kwani wamekataa kweli?"

Alikuwa amekulia Mwanza.