Suti Iliyonuka Papa

Mama yangu anauza papa mkavu sokoni Temeke tangu sijazaliwa, na mie nimesomeshwa kwa papa huyo huyo. Kwa hiyo siku niliyomwambia nataka kuwa kiongozi wa wazamiaji, niwapeleke watu bahari kuu wakamwangalie papa akiwa hai, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Akasema papa huangaliwa kwenye sufuria, na tui la nazi juu.

Nilikuwa na miaka miwili kwenye kambi ya wazamiaji Kigamboni, nikisuuza vifaa na kujaza mitungi ya hewa. Mafunzo yote nilishamaliza. Ulibaki mtihani mmoja tu: kuzama mbali na miamba, mahali ambapo huoni chini, papa aje, nami nimkabili bila kukurupuka. Maana kule hatari si meno peke yake. Ukipagawa ukafyatuka kwenda juu huku umebana pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Mwalimu wetu, mzee mmoja wa Tanga mwenye kitambi na maneno machache, alishaniambia kabisa: nikikimbilia juu narudi kusuuza vifaa, na kiongozi atatafutwa mwingine.

Mama alinuna wiki nzima. Halafu ghafla akalainika, akataka nimletee suti yangu ya kuzamia aifue na kuianika uani. Jamani, nilifurahi! Nikajua bibie amekubali yaishe.

Asubuhi ya mtihani nikaikuta imekunjwa vizuri ndani ya ndoo, mfuniko umekazwa. Nilipoufungua kwenye boti, lahaula, nahodha aligeuza uso. Suti ilinuka papa kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mwalimu akauliza kama nimekuja na duka la mama. Aibu niliyoiona siku ile sijui niieleze vipi. Kwetu chanja la kukaushia papa liko chini ya kamba ya nguo, na nilishazoea kwenda kwa rafiki zangu au harusini nikinukia hivyo hivyo. Nikaivaa.

Tukazama mie na mwalimu, tukaning'inia kando ya kamba iliyofungwa kwenye boti. Bluu chini, bluu kila upande. Papa mmoja akatokea kwa mbali, akasogea kidogo, akageuka akaenda zake. Tukasubiri mpaka hewa ikapungua, wapi. Tulipopanda, mwalimu akasema wavuvi wa zamani walikuwa wakisimulia kwamba papa hukimbia harufu ya papa mwenzake aliyekufa. Kama ni kweli yeye hajui, ila harufu ile inamuumiza kichwa, kwa hiyo niivue suti.

Baada ya mapumziko nikarudi majini na taiti na fulana ya mikono mirefu. Safari hii papa hakukawia. Alikuja polepole, mapezi yake marefu yana ncha nyeupe, hana haraka na mtu. Akanizunguka mara moja, akapunguza duara. Mwalimu yuko pembeni, amekunja mikono, ananiangalia mie, hamwangalii papa. Miguu yangu ilitaka kwenda juu. Niseme ukweli, niliogopa mpaka nikasahau dini. Lakini nikakumbuka kupumua, nikageuka naye kila alipogeuka, jicho kwa jicho, mpaka akafika karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono. Jicho lake lilikuwa la mviringo, tulivu. Mie niliyekula papa maisha yangu yote sikuwahi kujua kama ni mzuri vile. Nikaanza kucheka, maji yakaingia kwenye miwani. Akanipita, akazama kwenye bluu, akapotea.

Mwalimu alinipa mkono tukiwa bado majini.

Nyumbani nilimkuta Mama anapakua. Nikamwambia nimefaulu, lakini suti yake imeniaibisha, ilinuka papa.

"Najua," akasema. "Siku tatu nimeilaza kwenye chanja, papa juu, papa chini. Marehemu babu yako alitufundisha kwamba papa hamsogelei anayenuka papa mfu. Nimekukataza hukusikia. Nikasema basi, aende, ila aende akinuka."

Akakaa, akanitazama usoni.

"Alikusogelea?"

Mie niliyemkazia macho papa wa bahari kuu, nikaangalia sahani.

"Hata kidogo, Mama. Alikuwa mbali kule."

Akashusha pumzi ndefu, akaniongezea kipande.

Siku hizi nina wageni wangu, na nina suti nyingine ambayo hailali kwetu, inakaa kambini. Ile ya zamani naibeba kwenye ndoo, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Sijaivaa tena. Jioni naiweka mlangoni kama imetoka kazini, Mama anaichukua bila kuuliza, anaenda nayo uani, kwenye chanja.