Kilima Kitaenda Wapi?

Siku yangu ya kwanza kazini nilipandishwa kilima. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya kuazima, nikitarajia meza na kiti. Mpimaji Mkuu wa wilaya, mzee mfupi asiyecheka, alinitazama miguu, akanitwika sanduku la theodolaiti, kile chombo cha darubini kinachopima pembe. "Kikitaka kuanguka," akasema, "anguka wewe kwanza."

Kilima chenyewe kiliitwa Gathiru, upande wa Theta. Ukiwa juu uliona bonde lote: mto, kahawa, mabati ya Ruiru upande mmoja na moshi wa viwanda vya Thika upande wa pili. Kileleni palisimama nguzo ya saruji iliyonifika kifuani, yenye kibao cha shaba kilichoandikwa kwamba ni kosa kuiharibu. Mipaka yote ya bonde ilipimwa kuanzia hapo, kisha tukahakikisha kwa nguzo ya pili iliyokuwa ng'ambo, karibu na Ruiru.

Mpimaji Mkuu alikuwa na utaratibu ambao hakuruhusu mtu auguse. Kwenye kila pembe ya shamba tulipanda bikoni, yaani kipande cha chuma kilichoshikwa na saruji. Lakini kabla ya bikoni, tulichimba shimo la kufika gotini, tukamwaga makaa, tukachomeka chupa kichwa chini, tukafukia. "Chuma wataiba wauze," alituambia. "Makaa yaliyozikwa nani atayataka?" Wenye mashamba nao walipanda matoka juu ya mstari, yale maua ambayo wazee wetu walionyeshea mipaka kabla hakujawa na ofisi yoyote.

Nilihamishwa Mwiki, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kupita kati ya nyumba na nyumba, halafu Kirinyaga, halafu nikarudishwa Thika nikiwa mpimaji kamili. Mshika mnyororo wangu, yule anayevuta mnyororo wa chuma wa kupimia, alikuwa Kamau, mtu wa mwendo wa polepole na maswali mengi.

Mashamba makubwa yalikuwa yakigawanywa na kazi ilitulemea. Siku moja tulikuwa tukipima safu ya mashamba madogo chini ya Gathiru, la Kamau mwenyewe likiwamo. Nikamkuta anachimba shimo la makaa.

"Kamau, wacha hayo. Panda bikoni twende."

"Na makaa, mkubwa?"

"Ya nini? Bikoni ikipotea tutapima tena kutoka kwa nguzo ya juu. Kwani kilima kitaenda wapi?"

Wenzake wakacheka. Kamau akapangusa jembe. "Sawa, mkubwa. Wewe ndiye umesoma."

Tangu siku hiyo kikosi changu hakikuzika makaa tena. Nilistaafu na sifa nzuri na saa ya ukutani. Kamau alitangulia mbele ya haki.

Mwaka huu mjane wake, Mama Njeri, alinipigia simu. "Baba Kimani, njoo haraka. Wanasema nyumba yangu iko kwa shamba la jirani. Wamenichorea mstari mwekundu jikoni!"

Nilifika kwa njia ya magorofa mapya, macho chini kwa sababu ya matope. Nilimkuta mpimaji, binti aitwaye Wairimu, mwenye adabu na chombo cha kisasa.

"Guka, nimepima mara tatu," alisema, akiniita babu kwa Kikuyu.

"Umeanzia wapi?"

"Kwa nguzo ya kilimani. Bikoni za hapa zimeng'olewa zote."

"Na nguzo ya pili, ya Ruiru?"

"Imezibwa na magorofa. Haionekani."

Niliinua mkono kumwonyesha mahali pengine pa kusimama kule Gathiru. Mkono ukabaki hewani. Pale palipokuwa kilele palikuwa na anga tupu.

Tulipanda na gari lake. Nusu ya kilima ilikuwa imekatwa kama mkate, na chini mashine zilikuwa zikipasua mawe ya kujengea. Ukingoni ilisimama nguzo yangu, nzima, nyeupe pe.

"Hii ilikuwa pale," msimamizi wa machimbo alituambia kwa fahari, akionyesha hewa juu ya shimo. "Lakini imeandikwa ni kosa kuiharibu, na sisi ni watu wa sheria. Tukaikata chini vizuri, tukaileta huku polepole. Hata rangi tumeipaka, mzee."

Wairimu aliketi juu ya jiwe. "Ngai! Kumbe nimepima bonde zima kutoka mahali ambapo sipo."

Nilijua kilichobaki ni makaa, na nilijua nani aliyeyakataza.

Tuliporudi nilimwambia Mama Njeri ukweli.

"Ulimkataza Kamau, naye akakubali? Kamau huyu wangu?" Akatupeleka kwenye matoka nyuma ya jikoni. "Jioni ile alikuja akabeba gunia langu la makaa ya kupikia. Tuligombana sana! Nikamuuliza anaenda kuzika makaa ana wazimu? Akasema, 'Mkubwa amechoka leo, nammalizia shamba letu.'"

Nilichimba mwenyewe. Kwenye kina cha goti udongo uligeuka mweusi, kisha jembe likagonga kioo. Chupa ilikuwa kichwa chini. Pembe tatu zilizobaki zilikuwa hivyo hivyo. Wairimu alipima upya, akaufuta mstari mwekundu kwa kitambaa chake. Jiko lilikuwa ndani ya shamba la Mama Njeri, na nafasi ya kupanda mboga ikabaki.

Nilipoinua kichwa, majirani walikuwa wamejaa uani, kila mmoja na jembe lake. Nyumba zao nazo zilikuwa zimechorwa.

"Baba Kimani, asante Mungu umekuja," mmoja akasema. "Sasa sisi tuonyeshe. Makaa yetu uliyazika wapi?"