Wakesho wetu, aliyetuandikia "Upanga wa Mghoi"

Akili yangu imeikataa kabisa hii habari. Leo asubuhi nimekaanga mahamri, nikaweka mawili kando kwa karatasi, nikangoja Wakesho apite akienda kazini. Ndio nikakumbuka.

Jamani, Wakesho wa pale cyber, hapa Voi, ametutoka. Kilikuwa kifua tu. Sote tulidhani ni hili vumbi letu, tukamchemshia tangawizi. Alipofikishwa hospitali alikuwa amechoka sana.

Wengi mlimjua kama yule dada wa photocopy, anayekuuliza upande mmoja ama zote mbili bila kuinua macho. Hakuinua macho kwa sababu kwenye ile kompyuta, nyuma ya kazi zenu, kulikuwa na vita. Mapanga, wachawi, majoka yanayolala ndani ya miamba ya kwetu Taita.

Mimi sikusoma mbali, mnanijua. Lakini kila hadithi yake niliisikia kwanza mimi. Alikuja na draft mekoni kwangu Kaloleni, anakaa juu ya kreti ya soda, ananisomea nikikaanga. Mahamri yakiungua, hadithi imepita. Yakitoka na rangi nzuri, anakunja karatasi zake, anasema, "Hii bado," na kwenda kuiandika upya.

Wateja wangu mliokula mahamri meusi kipindi kile, mtusamehe. Kulikuwa na kitabu kinapikwa.

Shujaa wake, Mghoi, ni mwanamke wa Sagalla anayepigana na mtoto mgongoni. Editor wa Nairobi alimwambia amtoe huyo mtoto, hakuna mtu anaweza kushika upanga hivyo. Wakesho akaja kwangu uso umemshuka. Nikamwambia mimi nimepanda mlima wa Sagalla na binti yangu Neema mgongoni na jerikeni ya maji kichwani, na kuna siku nilifukuza nyani shambani hivyo hivyo. Akayaandika hapo hapo. Mtoto akabaki.

Halafu cover ikaja na mwanaume mwenye ndevu. Wakesho aliwapigia simu kwa ule upole wake, akawauliza huyo baba atamnyonyesha mtoto na nini. Tulicheka mpaka Neema akaamka. Wakaibadilisha.

Vitabu vilipofika, boksi alilifungulia kwangu. Cha kwanza akaniwekea mkononi. Ukurasa wa mbele kabisa umechapishwa, "Kwa Mama Neema, aliyeunguza." Sijawahi kuona jina langu kwenye kitu kisichokuwa kitambulisho ama kadi ya kliniki.

Sasa niseme yaliyotokea jana, maana nimeyabeba na ni mazito.

Huko matangani kwao Sagalla watu walianza kunong'ona kwamba hayo mambo ya wachawi ndiyo yamemmaliza. Kwamba ukiwaita sana, wanakuja. Maneno yakamfikia mamake, na mamake ni mtu wa kanisa, amelitumikia tangu ujana. Akasema kwenye eulogy isitajwe habari ya kitabu. Iandikwe alikuwa mfanyakazi wa cyber, basi. Na lile boksi la vitabu kuna mjomba alikuwa tayari ameliweka kando ya moto wa jikoni.

Nililikalia. Kweli, nilikaa juu ya boksi na mtoto mgongoni, nikakataa kuinuka. Wakaniita kichwa ngumu. Nikamwomba Mama Wakesho jambo moja tu, anisikize hadithi ya mwisho kitabuni, kisha aamue mwenyewe.

Mimi husoma polepole, kwa kidole. Nikasoma vile Mghoi anamfikia mchawi aliyefunga chemchemi ya kijiji. Kila akimkata kwa upanga, mchawi anakuwa mkubwa zaidi, maana chakula chake ni hasira za watu. Mwishowe Mghoi anauweka upanga chini. Anachukua maji kwenye kibuyu, anayatia mdomoni, anayapuliza nje, huku akiyataja yote yaliyomkaa rohoni na kuyaachilia. Kutasa, vile wazee wetu walikuwa wakifanya. Mchawi anakonda, anakonda, mpaka anabaki vumbi. Maji yanatoka.

Mama alinishika mkono nikanyamaza. Akasema hivyo ndivyo mama yake alivyofanya, siku alipopatana na dada yake baada ya ugomvi wa shamba. Maneno ni yale yale.

"Nani alimwambia?" akauliza.

"Ni wewe, Mama. Aliniambia ulimsimulia mkipukuchua mahindi."

Alilia, kilio cha kimya, leso mdomoni. Kisha akaniambia, "Rudia pale mwanzo, mwanangu. Pole pole."

Nikarudia. Wale wa kunong'ona wakasogea, mmoja mmoja, hata mjomba. Nilipomaliza, Mama akaitisha ile karatasi ya eulogy na kalamu. Maneno "mfanyakazi wa cyber" akayaacha. Mbele yao akaongeza neno moja kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa.

Kisha akaniambia nitaisoma hiyo hadithi kaburini, kabla ya mchungaji kuomba. Nilimwambia mimi huogopa hata kusoma matangazo. Akasema hajaniuliza kama naogopa.

Kesho basi. Mlio karibu mje, mtusindikize.

Wakesho, nina maumivu na sitakuficha. Nilitaka Neema akue akikuona, ajue kwamba mtu wa hapa hapa, wa photocopy, anaweza kutunga ulimwengu. Lakini ameanza kukishika kitabu chako, anamgusa yule mtoto wa mgongoni na kusema "mimi." Nitamfundisha kusoma nacho. Tutajifunza pamoja, mimi na yeye.

Mama yako kesho atakaa mbele, na kitabu mapajani, cover juu, kila mtu akione.

Lala kwa amani, MWANDISHI. Ndivyo mama yako alivyoandika.